Betri Iliyokuja na Gari

Ukinunua gari mkononi kwa mtu, mengi yake utayajua kwa kusoma. Kadi itakwambia mwaka lilipotengenezwa. Tairi ina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kile kikadi cha oili kinachoning'inia karibu na usukani kinaonyesha kilomita za sevisi ya mwisho. Betri peke yake huja bila maelezo. Iliyokuja na Spacio yetu ilikuwa nyeusi, karatasi yake imebabuka kwa joto la injini, na aliyetuuzia gari naye aliikuta humo humo. Tulipomuuliza ina muda gani, alijibu, "Hiyo nzima kabisa, haijawahi kunisumbua." Kwa ushahidi huo betri ikahamia Kimara, ikaingia katika mambo ya nyumba yetu, na haikupita muda ikawa inajadiliwa mezani pamoja na ada za watoto na luku.

Nyumba yenyewe iko hivi. Baba watoto anafanya kazi Posta, na asubuhi anapanda mwendokasi kwa sababu Barabara ya Morogoro saa hizo haipitiki kwa gari dogo. Gari linabaki kwangu. Mimi natengeneza keki za harusi, za send-off na za ubarikio, na keki ya ngazi tatu haiwezi kupanda daladala. Mama mkwe anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki. Marehemu alikuwa dereva wa malori ya mkonge huko Korogwe. Shemeji yangu, mdogo wake Baba watoto, yuko chuo na anakaa chumba cha uani. Watu wazima wanne, na kila mmoja alikuwa na msimamo wake kuhusu ile betri.

Baba watoto aliamini kwamba betri haibadilishwi mpaka ife. Ni mtu anayeiheshimu shilingi, na hakuona sababu ya kutupa kitu kinachofanya kazi. Mimi niliamini kwamba anayeshika ufunguo kila siku ndiye asikilizwe. Kila asubuhi nilisikia stata ikizunguka kwa kujivuta kuliko zamani, na nikizungusha ufunguo taa za dashibodi zilififia. Betri ikifa, kwa Baba watoto ni taarifa ya simu akiwa ofisini. Kwangu ni ukumbi uliojaa wageni na meza ya keki iliyo tupu. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha mvutano wetu wote, ingawa ilituchukua muda mrefu kuitamka.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. "Hiyo ina kiu," alisema. Enzi za malori ya mkonge, mvua ikinyesha, yeye ndiye aliyetega mabeseni uani, akayachuja maji kwa kitambaa cheupe na kuyatia kwenye chupa za kioo. Marehemu akirudi safari alifungua vifuniko sita vya betri, akamulika ndani kwa tochi, na mahali ambapo vile vibati havijafunikwa na maji, aliongeza. Maji ya bomba yalikuwa mwiko, kwa vile yana chumvi na madini yanayoiharibu betri. Alikuwa sahihi kwa kila neno, ila betri yetu haikuwa na vifuniko. Ilikuwa ya aina inayoitwa betri kavu, ambayo kwa kweli ndani ina asidi ile ile, ila imezibwa. Nilipomwonyesha aliinama, akaipapasa juu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, betri isiyofunguliwa hali yake mtaijuaje?"

Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba ile, na mengi yaliyofuata yalikuwa kulijibu.

Siku ya kwanza gari kugoma ilikuwa katikati ya masika. Nilizungusha ufunguo, likatoa mlio mmoja mkavu chini ya boneti, likanyamaza. Shemeji alitoka uani na mswaki mdomoni, akafungua boneti, akaniita nione. Kichwa cha waya mwekundu kilikuwa kimefunikwa na ukoko mweupe unaoelekea kijani, umefura hadi nati haionekani. Akaugonga mara mbili kwa spana, akasema, "Jaribu sasa, shemeji." Likawaka. Habari zilifika Posta kabla sijafika getini, na jibu likarudi: "Si niliwaambia? Betri nzima."

Mchana nilimwita fundi umeme, kijana mwenye kibanda chake barabarani karibu na kwetu. Nilikaa nikimtazama kwa makini. Alianza na waya wa hasi, kisha wa chanya. Aliponiona natazama alinieleza: ukianza na chanya, spana ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa, cheche zitaruka na unaweza kuungua. Wakati wa kufunga, hasi huwa ya mwisho. Aliniomba magadi, nikampa bekingi soda ya jikoni kwangu. Akaikoroga kwenye maji ya moto, akamwagia, na ule ukoko ukachemka povu la kijivu hadi chuma kikaonekana. Alipokivua kile kichwa, kikadondoka kipande cha bati la kopo kilichokunjwa na kukunjwa tena mpaka kikawa kama kabari.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma maandishi ya betri za Kijapani. Yetu ilikuwa imeandikwa 46B24L. 46 ni kiwango cha nguvu, B ni ukubwa wa ule ubavu mfupi, 24 ni urefu kwa sentimita, na L inaeleza nguzo zimekaa upande gani. Ikiongezwa S mwishoni, basi nguzo ni nene. Magari mengi madogo ya Kijapani yametengenezewa nguzo nyembamba. Huko nyuma kuna mtu aliwahi kulifungia gari letu vichwa vya nguzo nene, na betri nyembamba ilipokuja akajazia nafasi kwa bati la kopo. Stata inapozunguka inavuta zaidi ya ampea 100, na umeme wote huo ulikuwa unategemea kipande cha kopo kushika.

Fundi alifunga vichwa vipya vinavyolingana, akavipaka grisi, gari likawaka kwa mzunguko mmoja. Akinawa mikono aliniambia, "Dada, leo nimetibu vichwa. Betri yenyewe bado sijaipima." Nililifikisha neno hilo mezani jioni kama lilivyo. Baba watoto alishika sehemu ya kwanza.

Ila kuna kitu kimoja kilitokea siku hiyo ambacho mimi sikukipa uzito. Waya ulipofunguliwa, redio ilipoteza kumbukumbu. Ni redio iliyotoka na gari Japani, yenye skrini, na ilipopata umeme tena iliandika sentensi ndefu za Kijapani na kudai namba ya siri. Magari mengi yanayoletwa kutoka huko yana redio za namna hiyo. Ukikata betri zinajifunga zenyewe. Baba watoto ana mapenzi ya kweli na redio ile. Ndani ya gari ndiko anakosikilizia mechi za Simba, milango imefungwa, peke yake, hata gari likiwa limesimama uani. Jumamosi moja aliondoka na gari asubuhi, akarudi jioni redio inaimba. Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Kwa miezi kadhaa tulitulia. Halafu ule uvivu wa stata ukarudi.

Nilirudi kwa fundi, akanieleza kitu ambacho natamani kila mwenye gari wa pwani akijue. Watu wengi hudhani baridi ndiyo adui wa betri. Baridi huifichua tu betri ambayo tayari imechoka. Joto ndilo linaloila. Ndani mna vibati vya risasi vilivyozama kwenye asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Joto la Dar es Salaam likijumlishwa na la injini, vile vibati huliwa haraka na maji hupungua. Betri ambayo Ulaya ingekwenda miaka mitano, huku kwetu ikifika mitatu ni ya kupimwa mara kwa mara. Safari zangu nazo zilikuwa zinaichosha zaidi. Natoka Kimara hadi sokoni, nazima. Nawasha hadi shuleni, nazima. Kila kuwasha kunachota umeme mwingi kwa sekunde chache, na alteneta inahitaji mwendo ili iurudishe. Kwenye foleni, injini ikiwa chini, kiyoyozi kimewashwa kwa ajili ya krimu, taa zinawaka na simu inachajiwa, kinachorudi ni kidogo. Tena betri ya aina hii ikikaa muda mrefu haijajaa, kwenye vibati vyake hujengeka tabaka gumu la salfeti linalozuia chaji kuingia.

Nilipoyasimulia hayo nyumbani, Baba watoto alifanya jambo la haki: alinunua mita Kariakoo. Jumamosi jioni, tukiwa tumetoka Bunju kumsalimia shangazi yake, alifungua boneti, akagusisha nyaya zake mbili, na sote tukainamia kile kioo kidogo. 12.7. Shemeji akapiga makofi, Mama mkwe akaomba asomewe tena. Baba watoto akapiga picha kwa simu.

Nikamwomba kitu kimoja: apime tena alfajiri, kabla mtu hajafungua hata mlango wa gari. Aliamka kwenda kuswali, akapitia uani. Alipoingia jikoni hakuwa na haraka ya kusema. 12.1.

Fundi hakushangaa. Betri ya gari, kwa msingi ule ule alioutengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina vyumba sita, na kila kimoja kikiwa kimejaa kinatoa takribani volti 2.1. Ndiyo maana betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo hivi. Lakini gari likitoka mwendoni, betri huwa na chaji ya juu juu ambayo hupotea ikikaa. Kipimo cha jioni ni cha alteneta. Kipimo cha alfajiri ndicho cha betri. Kwa hiyo Mama mkwe alikuwa amepata jibu lake: betri isiyofunguliwa huulizwa kabla jua halijatoka.

Hata hivyo 12.1 peke yake haitoshi kuihukumu. Huenda haichajiwi, huenda kuna kitu kinainyonya usiku. Fundi alivifuata hivyo vyote bila haraka, na hapo ndipo nilipomheshimu. Aliwasha gari, akapima kwenye nguzo: 14.1, alteneta haina tatizo. Akalizima, akafunga milango, akasubiri, akabana waya kwa mita ya kubana: miliampea 30, na hadi 50 ni kawaida kwa ajili ya saa, alamu na hiyo redio. Akaleta chaja, akaichaji betri usiku kucha ikiwa mahali pake. Siku iliyofuata akaiacha ipumzike. Ikashuka tena hadi 12.2. Mwisho akaniambia niwashe huku yeye akitazama mita. Stata ilipozunguka, kioo kikaanguka hadi 8.8. "Betri iliyotoka kuchajiwa, kwa joto letu hili, haitakiwi kushuka chini ya 9.6," alisema. "Dada, hii inakuaga."

Kikao cha jioni kilikubaliana kwamba itabadilishwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika na ada. Uliofuata ukaja na msiba wa Morogoro. Sikulalamika kuhusu ada wala msiba. Nilichokuwa nakisema, na nitaendelea kukisema, ni kwamba bei ya betri ile ilikuwa karibu na faida ya keki mbili kubwa, na keki moja ikiharibika nimepoteza faida, nimepoteza gharama ya mayai na siagi, na nimempoteza bi harusi pamoja na dada zake watatu ambao hawajaolewa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua la saa saba mchana, keki ya ngazi tatu ya krimu yenye mawaridi ya rangi ya pichi, inakwenda ukumbini Sinza. Kila ngazi iko kwenye boksi lake. Mama mkwe alikaa nyuma akiwa ameshika boksi la juu mapajani, kiyoyozi kimefunguliwa mwisho. Taa ya mafuta ikawaka. Nikaingia kituo cha mafuta Ubungo, na kama sheria inavyotaka, nikazima injini.

Baada ya kulipa nikazungusha ufunguo. Tk-tk-tk-tk.

Nyuma yangu magari yalikuwa yamejipanga hadi barabarani. Vijana walijitokeza wakitaka kusukuma ili liwake, nikawaambia gari ni otomatiki. Haliwezi kuwaka kwa kusukumwa, kwa sababu giaboksi yake inahitaji injini izunguke kwanza ndipo ipate msukumo wa oili wa kushika gia. Likasukumwa hadi pembeni tu. Dereva wa teksi akaja na nyaya za jampa, lakini msimamizi wa kituo akakataa cheche zozote karibu na pampu, na alikuwa na haki. Tukasukuma tena, hadi nje ya uzio, juani.

Kwenye gari lililozimwa, mchana wa Dar es Salaam, krimu haina muda. Nilifungua boksi la kati kidogo nichungulie. Waridi moja lilikuwa limeanza kuinama, petali yake ya chini imeteleza na kuacha mchirizi wa mafuta ukutani mwa keki. Nikampigia simu Baba watoto. Mama mkwe alisubiri nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, gari ni letu, litatungoja. Keki ni ya watu. Keki iondoke."

Akaita bajaji yeye mwenyewe. Sikujua kwamba mama mwenye umri ule anaweza kupanga kazi namna ile. Alivua khanga ya juu, akailowesha kwa chupa yetu ya maji ya kunywa, akaifunga upande wa bajaji jua linakoingia ili upepo upite hapo kwanza. Boksi kubwa likakaa katikati ya kiti, yeye upande huu na la juu, mimi upande ule na la kati. Akamwambia dereva, "Baba, hapa umebeba harusi ya mtu. Kila tuta uniambie kabla." Na yule kijana, Mungu ambariki, alitutangazia kila tuta kutoka Ubungo hadi Sinza, na kwenye mashimo alisimama kabisa halafu akapita taratibu.

Tulifika. Nina kawaida ya kubeba krimu ya akiba kwenye kikapu cha barafu, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nilikata waridi lililoinama, nikapiga jingine, nikasawazisha ukuta kwa kisu cha moto. Bi harusi alipoingia keki ilikuwa imesimama wima. Mama mkwe alikuwa jikoni kwa wapishi anakunywa soda, bila khanga yake ya juu.

Baba watoto alishuka mwendokasi Ubungo na kulikuta gari nje ya uzio. Dereva wa teksi alikuwa bado yupo, akaliwasha kwa jampa, na aliifanya kazi ile vizuri: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ule mwisho wa nyeusi akaubana kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ikiruka juu yake inaweza kuipasua usoni kwako. Likawaka. Lakini sasa Baba watoto hakuthubutu kulizima. Alikuja nalo hadi Sinza na kukaa ndani, injini inanguruma, nje ya ukumbi, muda wote tuliopanga keki na muda wote Mama mkwe aliozuiwa na wenyeji wake hadi ale. Alipotuona tunatoka alisema, "Kumbe ndivyo ilivyo." Sikumwongezea neno.

Usiku ule ndipo lilipotoka lililokuwa limefichika. Nilimwambia kesho tukanunue betri, akakubali, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Redio itajifunga tena." Ile Jumamosi aliyoondoka na gari alikuwa amemlipa fundi wa redio fedha ambayo hakutaka niijue, na fundi alimwonya kwamba mara ya pili huenda isifunguke. Miezi yote ile alipokuwa anaitetea betri, sehemu kubwa alikuwa anaitetea redio. Niliumia kidogo kwa kutokuambiwa, na nikamwelewa zaidi ya nilivyomwelewa mwaka mzima. Jambo lile lilikuwa na dawa rahisi, lakini halikuwahi kufika mezani.

Dawa aliitoa fundi umeme bila hata kufikiri. Tulirudi kutoka Kariakoo na betri mpya, akaazima betri ya bodaboda iliyoegeshwa pale kibandani, akaiunga kwa nyaya nyembamba kwenye vichwa vya nyaya za gari kabla hajavivua. Kichwa cha chanya kikawa bado kina umeme, kwa hiyo alikizungushia kipande cha mpira wa tairi kisiguse bodi. Akatoa ya zamani, akaweka mpya, akafunga, ndipo akachomoa ya bodaboda. Muda wote huo Baba watoto alikuwa amekaa ndani ameshika kitufe cha redio. Saa haikupotea hata dakika.

Kariakoo nako kulikuwa na somo. Muuzaji wa kwanza alitaka kutupa yenye S, "zote sawa tu, mama, tutabana." Nikamshukuru tukaondoka. Wa pili alikuwa nayo kamili, na Baba watoto akatoa mita yake mfukoni kabla hatujalipa. Betri mpya iliyokaa dukani muda mrefu hujimaliza yenyewe. Ya kwanza ilisoma 12.3, tukairudisha rafuni, ya pili 12.7. Muuzaji hakukasirika. Alituandikia waranti, akatupa na bei mbili: moja ukileta betri kuukuu, nyingine usipoileta. Yetu tulikuwa tumeiacha nyumbani ndani ya gari, tukalipa ile ya juu.

Hata ilipotolewa garini tayari ilikuwa na wenyewe. Shemeji aliitaka aiunganishe na paneli ya sola awashe taa bandani kwa kuku wa mama yake. Mama aliunga mkono. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni naye alikwishaiona ikiwa ukutani na kutaja bei. Hapo mimi niliweka mguu chini. Betri ya kuwashia gari ina vibati vyembamba, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache; ukiinyonya taratibu usiku kucha inakufa upesi hata ikiwa mpya, na hii ilishakufa. Jambo kubwa zaidi ni watoto. Iliyomo ndani ni risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo wake.

Nikawasimulia ya Owino Uhuru, kule Mombasa. Kilikuwapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu jirani kabisa na nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Akaanza kudai haki ya mtaa mzima. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi iliyoendelea kupiganiwa kwenye rufaa kwa miaka mingine. Mkokoteni unaoondoka na betri yako haukuambii unakokwenda kuipasua. Duka linaloipokea kwa punguzo angalau lina jina, risiti na mahali pa kulirudia.

Mama mkwe alisikiliza akiwa amempakata mtoto wetu wa mwisho. Akamwambia shemeji, "Toa kitu hicho ukutani leo hii." Jumatatu shemeji aliipeleka Kariakoo ikiwa imesimama wima ndani ya beseni la plastiki, akarudi na lile punguzo, akaongezewa kidogo na kaka yake, ikanunuliwa taa ya sola yenye betri yake ndogo ya ndani. Kuku wana mwanga.

Juu ya betri mpya niliandika kwa maka peni tarehe iliyofungwa. Chini yake Baba watoto akaongeza nyingine, ya miaka miwili na nusu mbele, na neno "pima". Mama mkwe bado hajaridhika. Anasema ikifika tarehe hiyo tumtafutie yenye vifuniko, na maji ya mvua atayatega mwenyewe.